Oda za bati msimu wa korosho: mteja asikimbie mzigo ukichelewa

Duka_Masasi: Wakuu, malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia, bati za geji 30 (kipimo cha unene) zinaisha dukani ndani ya siku chache. Mzigo wa Dar unachukua siku 8 tangu nilipie. Mteja anaacha advansi, akiona kimya anarudi kudai hela yake na kwenda kwa jirani. Oda hizi nizishike vipi?

Stoo_Kwanza: Anakimbia "njoo kesho". Mpe tarehe: siku 8, ongeza 2, mwambie 10. Tuma meseji siku ya oda, mzigo ukipakiwa na ukishushwa. Siku ya 5 lori halijapakiwa? Mpigie siku hiyohiyo, achague: asubiri tarehe mpya, achukue geji 28, ambayo ni nene zaidi, aongeze tofauti ya bei, au arudishiwe hela yote. Advansi asilimia 30 inatosha, na ikae kwenye laini ya simu uliyoitenga kwa advansi tu. Ukiinunulia saruji, siku ya kurudisha utaanza kujificha.

Fundi_Hesabu: Mkuu, nadhani unachelewa kuagiza kwa sababu unahesabu bati unazoziona. Ukiuza 40 kwa siku, siku 8 ni 320, weka akiba ya siku 3 ambayo ni 120. Agiza ukifika 440. Lakini 440 hiyo ni za stoo, jumlisha zilizo njiani, toa zilizolipiwa oda. Stoo 300, njiani 250, oda 180: unazo 370. Umeshachelewa, ingawa stoo inaonekana imejaa. Masika barabara ya kutoka Dar ikisumbua pale Somanga, akiba ya siku 3 haitoshi.

Mama_Vifaa_Lindi: Bati za rangi usizigawe nusu leo nusu wiki ijayo. Zikitoka koili tofauti (roli za chuma zinakokatwa bati), rangi hupishana kidogo; chini huoni, juu ya paa jua likipiga mstari unaonekana, na lawama ni zako. Subiri zitimie, au toa za upande mmoja wa paa kamili. Misumari na kofia (bati za kufunika mgongo wa paa) mpe mapema, hapo keshafungwa kwako.

Duka_Masasi: Asanteni. Na akija mtu na hela taslimu, za oda zimelala stoo?

Stoo_Kwanza: Usiuze, zina wenyewe. Ziandike jina na namba ya oda kwa maka zikishushwa tu, la sivyo kijana wa dukani atazitoa wewe ukiwa msikitini.

Mama_Vifaa_Lindi: Naongeza: kwenye daftari weka safu ya "kenchi (mbao za kubeba paa) zimesimama?" Aliye kwenye lenta, yaani ukuta umefika juu ya madirisha, bado ana wiki kadhaa. Mwenye kenchi juu, mvua ikimkuta mbao zinapinda. Mpigie wa lenta, akikubali mwenyewe kumpisha wa kenchi, mwandikie tarehe mpya mbele yake na umpunguzie nauli ya kupeleka. Akikataa, foleni ibaki ilivyo.