Ulinganisho: Amersham, Cobham au Wilmslow? Mnaoishi vijiji vya wenye nazo Uingereza naomba mje

Mzizima_UK
Wakuu, heshima kwenu. Tupo Reading na familia, flati ya katikati ya mji, na mke wangu ameshachoka: ving'ora usiku kucha, jirani wa juu anahamisha makabati saa sita za usiku, maegesho ya kugombania. Kazini nahitajika ofisini siku mbili kwa wiki, London au Manchester, nichague mwenyewe. Madogo wana miaka 9 na 6. Tumeweka jicho sehemu tatu: Amersham ya Buckinghamshire, Cobham ya Surrey na Wilmslow ya Cheshire. Tutapanga kwanza, kununua baadaye Mungu akijaalia. Picha za mtandaoni zote ni zilezile: nyasi zimenyolewa, kanisa la mawe, farasi. Nataka kusikia kwa aliyeishi. Jumanne ya kawaida huko ikoje?

Mama Nasra
Nilikaa Little Chalfont, sasa niko kijiji kimoja juu ya Chesham, mji jirani wa Amersham, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Utulivu upo, tena mwingi. Majira ya baridi ikishafika saa moja usiku humkuti mtu nje, na vijiji vingi havina taa za barabarani. Wenyewe hawazitaki, wanalipenda giza lao. Lakini kelele zipo za aina yake. Jumamosi asubuhi ni mashine za kukatia nyasi na za kupuliza majani mpaka kichwa kiume, na mwewe wekundu wanapiga miluzi juu ya paa. Mwewe hao walikuwa wametoweka England, wakaletwa Chilterns kutoka Hispania kuanzia 1989, na sasa wamejaa. Ukichoma mishikaki bustanini, shika wako vizuri.

Kimya hicho kinalindwa na sheria. Eneo limezungukwa na Ukanda wa Kijani wa London, na vilima vya Chilterns vimehifadhiwa tangu 1965, kwa hiyo kujenga nyumba mpya ni vita vya miaka. Nyumba haziongezeki, wanaozitaka wanaongezeka. Amersham nyumba ya kujitegemea ya vyumba vinne mara nyingi inapita pauni milioni moja, na kodi ya kupanga inafuata nyayo hizohizo.

Usafiri ndio sifa yake kubwa. Amersham ni mwisho wa reli ya Metropolitan ya London Underground, kanda ya nauli ya 9, na ipo pia treni ya stesheni ya Marylebone, London, ya dakika kama 40. Ila kaa juu, karibu na stesheni. Mji wa kale uko bondeni, unapendeza sana, lakini kupanda kile kilima na mifuko ya sokoni wakati wa mvua utanikumbuka.

Na shule, mwanangu, hapo ndipo penye uamuzi. Buckinghamshire bado ina shule za grama, yaani sekondari za serikali zinazochuja watoto kwa mtihani, 13. Mtoto anafanya mtihani Septemba akiingia tu mwaka wa sita, na alama ya kupita ni 121. Huku watoto wanaanza tuisheni wakiwa na miaka 8 au 9. Huyo mkubwa wako muda wake ni mfupi. Ama uhamie sasa, ama uje ukijua kwamba asipopita atakwenda shule isiyo ya grama, ambako kwa kweli wako watoto wengi wanaofanya vizuri. Wazazi wa huku hulizungumza hilo kama msiba.

Koba wa Thika
Mimi Surrey siishi, nafanya kazi huko, na wakati mwingine naona naijua kuliko wenyeji. Nazunguka na gari nikihudumia wazee majumbani: Cobham, Oxshott, Esher.

Ndugu, kule bila gari wewe ni mfungwa. Stesheni inayoitwa ya Cobham haiko Cobham, iko Stoke d'Abernon, zaidi ya maili moja kutoka madukani. Basi za jioni ni za kubahatisha. Barabara ni nyembamba, ua wa miti pande zote mbili, na alama inakuruhusu maili 60 kwa saa mahali ambapo hata 30 ni ujasiri. Ukikutana na farasi, sheria ya barabarani ya tangu 2022 inataka upite kwa maili 10 na umwachie mita 2. Wikendi ongeza waendesha baiskeli: Olimpiki ya 2012 mbio zilipita kilima cha Box Hill, na tangu hapo kila mwenye suti ya kubana anataka kukipanda.

Mkeo ana leseni ya hapa? Ya Tanzania au Kenya inakubeba miezi 12 tu tangu uwe mkazi, haibadilishwi, unafanya mtihani upya. Mjini mtu anaahirisha. Cobham hutaahirisha.

Kingine nitakisema wazi. Naingia nyumba ya vyumba saba, mzee mmoja ndani, watoto Singapore na New York, jirani hajui kama yuko hai. Geti la umeme, kamera, ukimya. Mimi mwenyewe nimeshaulizwa mara nyingi nimesimama barabarani nikijaza ripoti ya shifti, "Naweza kukusaidia?", kwa ile sauti ambayo haina nia ya kusaidia. Uniform ninayo, kitambulisho kinaning'inia. Wanauliza tu.

Mama Nasra
Koba, hilo sikatai, nami limenikuta. Lakini geti la Oxshott na kijiji chenye ukumbi wake ni vitu viwili. Huku kwetu kuna baraza la kijiji, kuna ukumbi, kuna viploti vya kulima vinavyokodishwa kwa bei ndogo. Vina sheria yake ya tangu 1908, halmashauri zinatakiwa kuvitoa watu wakivihitaji. Foleni ndiyo ndefu. Nilipopata changu ndipo watu walipoanza kunijua kwa jina. Mzee wa kiploti cha pili alinipa miche ya maboga, nami nikamwonyesha kupika majani yake, alikuwa akiyatupa! Mchicha wa kiangazi unatoka vizuri.

Salamu nayo usiidharau. Kwenye njia za miguu zinazokatiza mashamba kila mtu anasalimia, na usiposalimia ndipo unapoonekana mgeni. Ukirudi barabara ya dukani, salamu zinaisha. Usiniulize kwa nini.

Mbwa watakurukia, tope na ulimi. Sisi tunaoswali tunabeba nguo ya akiba kwenye gari.

Mtoro
Mnamtisha bure. Hata Jomo Kenyatta alikaa Storrington kule Sussex wakati wa vita, kibarua wa shamba, akaoa hapohapo 1942. Kama yeye alizoea, Mzizima nani?

Koba wa Thika
Na vita vilipoisha akarudi zake Kenya, 1946. 😂

Shangazi wa Kaskazini
Naona mmeisahau Cheshire. Niko Wilmslow. Stesheni iko mjini kabisa, Manchester Piccadilly chini ya nusu saa, na London Euston moja kwa moja chini ya saa mbili. Kwa pesa ya Cobham hapa unapata nyumba kubwa na bustani juu. Shule ya sekondari ya serikali ni ya wote, hakuna mtihani wa kuchuja; wanaoutaka wanajaribu Altrincham, halmashauri jirani ya Trafford.

Lakini utajiri wa hapa una makelele. Surrey wanaficha, Cheshire wanaonyesha: Alderley Edge ni magari ya wachezaji mpira, kucha na miwani. Na uwanja wa ndege wa Manchester uko mlangoni. Kabla ya kusaini angalia ndege zinashukia upande gani, Knutsford na Mobberley zinapita chini kweli.

Faida ambayo haiandikwi kwenye matangazo: Manchester iko karibu. Mahindi mabichi, mihogo, ndizi za kupika, msusi wa nywele, misikiti, makanisa yetu, vyote ndani ya nusu saa.

Mzizima_UK
Asanteni sana, nimejifunza mengi. Maswali mawili ya mke wangu. Msikiti, na sherehe. Sisi ni watu wa wageni, Idi nyumba inajaa.

Mama Nasra
Chesham ina msikiti na familia nyingi zenye asili ya Pakistan, kwa hiyo nyama halali haikupi shida. High Wycombe zaidi. Ukienda Surrey, Woking kuna Shah Jahan, wa 1889, msikiti wa kwanza kujengwa Uingereza kwa kusudi hilo. Mzuri mno, lakini kutoka Cobham ni safari ya gari.

Sherehe: wageni wa mchana hakuna neno, waambie majirani mapema na wapelekee sahani ya pilau. Muziki baada ya saa tano usiku usithubutu, halmashauri wataandikiwa kabla biriani haijapoa. Harusi na kitchen party sote tunakodi ukumbi Slough.

Koba wa Thika
Mimi ningekuwa na watoto wa umri huo ningeenda Chesham. Treni ipo, maduka ya kawaida yapo, watu wa kila aina wapo, na vilima unavitembea kwa miguu. Cobham ni ya mtu aliyekwisha kulea.

Shangazi wa Kaskazini
Wilmslow, kama ofisi ya Manchester inakubali kwa maandishi. Kwa mdomo usihame.

Mzizima_UK
Cobham tumeiondoa. Jumamosi tunakwenda Chesham kuangalia nyumba mbili, moja mjini, nyingine kijijini juu kidogo, ya bei nafuu zaidi, sijaelewa kwa nini.

Mama Nasra
Kwa sababu huenda haina bomba la gesi. Uliza kama kuna tangi la mafuta nyuma ya nyumba. Wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500, na unalipa kwa mkupuo. Uliza kama maji taka yanakwenda kwenye shimo, nani analipia kulinyonya. Jaribu simu yako ndani ya kila chumba. Kisha rudi siku nyingine peke yako, saa mbili asubuhi ya siku ya shule, uendeshe mpaka stesheni. Ukimaliza nitumie ujumbe, chai ipo.