Ganda la .308 linacheza kwenye shelholda, nibadilishe ipi?

Mwindaji_Montana
Wakuu, habari za jioni. Niko Montana na najijazia risasi za kuwindia kulungu. Shelholda zangu (vile vishikio vinavyoshika kitako cha ganda kwenye mashine ya kujazia) nilizinunua kwa mtu, zimechanganyika. Nikiweka ganda la risasi aina ya .308 linaingia, ila linacheza. Jana nikiwa nalishusha kutoka kwenye dayi (kalibu ya kulirudishia ganda umbo lake), ukingo wa kitako ukachanika, ganda likabaki juu limekwama. Leo fataki tatu (viwashio vya kwenye kitako) zimekaa mshazari. Shelholda imeandikwa 2, na rafiki yangu ananiapia kwamba 2 ndiyo ya .308. Nakosea wapi?

Babu_Kaliba
Ya kampuni gani? .308 kwa Lee ni namba 2, kwa RCBS namba 3, kwa Hornady namba 1. Kila kampuni ina namba zake.

Mwindaji_Montana
Nimeifuta grisi, kuna RCBS ubavuni.

Babu_Kaliba
Basi hiyo ni ya .30-30, mdogo wangu. Kitako cha .30-30 kina upana wa karibu milimita 12.9, chako ni 12.0. Ganda linakaa upande mmoja, ukivuta, nguvu yote inaishia kwenye kipande kidogo cha ukingo. Na fataki haiwezi kuingia wima. Chukua namba 3, itakufaa pia kwa .243, .270 na .30-06.

Mama_Shabaha
Naongeza, maana shelholda peke yake haikwamishi ganda. Mafuta uliyolipaka ganda kabla ya kuliingiza kwenye dayi yalikuwa kidogo. Usiling'oe kwa nyundo: kuna kifaa cha kulitolea, unatoboa kitako, unakata hesi, unalivuta kwa bolti. Yale matatu yenye fataki mshazari yaweke kando, usijaribu kuzisukuma ziingie zaidi, tafadhali sana.

Seremala_wa_Risasi
Ukibadilisha, seti dayi upya. Kimo cha shelholda, kuanzia kitako cha ganda kinapokaa hadi juu yake, kinakusudiwa kuwa inchi 0.125, lakini zinatofautiana kidogo, na tofauti ndogo tu inatosha kusukuma bega la ganda chini kupita kiasi. Mimi nilipoteza maganda mengi kwa kupuuza hilo. Pitisha ganda moja kwenye geji ya kupimia bega kabla ya kuendelea na mengine.

Mwindaji_Montana
Nimepima kwa kalipa, kitako ni 12.0 kweli. Naagiza namba 3 na hicho kifaa cha kutolea. Shikamoo Babu, ahsanteni wote.