Niliagiza bodi ya 32U4 nimeletewa Nano, eti "zote Arduino tu"

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira ya siku tatu, mnistahamilie. (Kwa wasiojua: Arduino ni vile vibodi vidogo vya kompyuta unavyovitia programu mwenyewe; 32U4 na Nano ni aina mbili tofauti.)

Mimi ni mpiga kinanda wa taarabu hapa Unguja, Mwembetanga. Anayepiga mambo haya anajua balaa la kinanda: zile sauti za katikati hakina. Fidla inateleza tu inazipata, udi hauna vizuizi, ganuni inatiwa sauti zake kabla ya nyimbo kuanza. Mimi nikifika kwenye mi ya Rasti (maqamu ambayo mi yake inakaa katikati ya mi na mi bemoli), ama nipige mi kavu ama mi bemoli, na zote mbili siyo. Mzee wetu wa fidla hunigeukia akanitazama. Hasemi neno. Bora angetukana.

Basi nikapata mchoro wa kidhibiti cha MIDI (lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki) cha kujitengenezea mwenyewe. Volyumu kumi na sita, vitufe vinane, aisii moja ya 74HC4067 ya kukusanya zile volyumu zote kwenye mguu mmoja wa bodi. Aliyeubuni kaweka kila kitu wazi: ramani ya nyaya, programu, orodha ya vifaa mpaka skrubu, na ruhusa ubadili utakavyo. Mimi nilibadili kitu kimoja tu. Kitufe cha kwanza nikibonyeza kwa mkono wa kushoto, noti ninayopiga kwa wa kulia inashuka robo toni. Amri ya MIDI ya kupinda sauti ina hatua 16,384, katikati yake ni 8,192. Ukiweka ipinde toni nzima juu na toni nzima chini, robo toni ni hatua 2,048. Ondoa hapo unabaki na 6,144. Hiyo ndiyo mi yangu, nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati. (Najua amri hiyo inapinda chaneli nzima, yaani noti zake zote kwa pamoja. Mkono wangu wa kulia unapiga sauti moja moja, hainisumbui.)

Orodha inasema wazi: Pro Micro, yenye aisii ya ATmega32U4. Si pambo. Aisii ile inazungumza USB yenyewe, ukiichomeka kwenye laptopu inajitambulisha kuwa ni chombo cha muziki, basi. Nikaagiza kwa muuzaji wa Dar, picha aliyoweka ni hiyohiyo Pro Micro, nikalipa 38,000 pamoja na volyumu. Mzigo ukaja na boti, nikaufuata Malindi kwenye jua la saa saba.

Nafungua pale pale bandarini: Nano. Ndefu, na kwa chini ina aisii ya CH340. Nikajipa moyo, labda macho. Nyumbani nikachukua lenzi ya marehemu babu aliyokuwa akitengenezea saa, nikahesabu miguu ya aisii kubwa. Minane. Upande wa pili minane. Pande zote nne, jumla 32. Ile 32U4 ina 44, kumi na moja kila upande. Nikarudia kuhesabu mara tatu kama mtu anayehesabu fedha za mtu. Nikatia programu vivyo hivyo, ikanigomea kabla haijaanza: maktaba ya MIDIUSB haiitaki bodi ya namna hii. Ile CH340 kazi yake ni kupitisha data tu kati ya kompyuta na bodi, haiwezi kujifanya chombo cha muziki hata uisomee dua.

Nampigia muuzaji. "Kaka, hizo zote ni Arduino tu, mafundi wote wanachukua hizo."

Namwambia ndugu yangu, mimi sikuagiza Arduino tu, niliagiza hii, na picha uliyoweka ni hii.

"Ile ya kwenye picha imeisha, ndo maana nikakuwekea hiyo. Hata ni kubwa zaidi."

Imeisha! Si ungesema imeisha? Ujumbe mmoja tu. Ningengoja, ningetafuta kwengine, ningekopa. Wewe umeona Mzanzibari yuko ng'ambo ya maji, kurudisha mzigo atashindwa, ukamtilia chochote kilichobaki kwenye droo. Nikamtumia picha ya miguu niliyoihesabu, nimeiandikia namba kwa kalamu nyekundu. Tiki mbili za buluu. Kimya mpaka usiku, halafu: "Rudisha, ila nauli juu yako."

Na volyumu nazo. Orodha inataka B10K, amenitilia A10K. Wasiojua wataona herufi moja tu. Ukizungusha ya A mpaka nusu, namba kwenye skrini bado iko kumi na kitu, halafu ghafla inapaa mpaka 127. Ile ni ya redio, ya sauti kwa sikio la binadamu. Hapa tunataka inayopanda sawasawa. Hilo nimelisamehe kidogo, nitalirekebisha kwenye programu.

Sasa najua wapo watakaokuja na "mkuu, tumia programu ya daraja, ile ya kwenye laptopu inayogeuza data ya Nano kuwa MIDI, Nano inafanya kazi." Naijua. Juzi usiku nimeijaribu na inafanya kazi, nikiwa chumbani kwangu na subira yangu. Lakini harusini umeme ukikatika ukarudi, niwashe laptopu, niwashe daraja, nichague bandari ya USB, niwashe na sauti, na bibi harusi kashaingia na wanawake wamesimama na noti mkononi wanataka kutunza? Kwenda zangu.

Nimechoka na hii "zote sawa tu". Mchoro ukiwa wazi maana yake kila mtu anaona kinachotakiwa ni kipi. Muuzaji hana pa kujifichia kwamba hakujua.

Ombi langu: mwenye 32U4 ya kweli, awe hapa Unguja au Dar, aje PM (ujumbe wa faragha). Kabla sijatuma hata shilingi nataka picha ya aisii kwa karibu, nihesabu miguu mwenyewe. Harusi ni Jumamosi ijayo, Kikwajuni, na mzee wa fidla nimeshamwambia kwamba safari hii mi anaipata.