Ushauri: nimzuie mpwa wangu kupekua historia kabla hatujasoma Goliath?

Mlezi wa Vitabu: Wadau, naombeni ushauri. Mimi na mpwa wangu wa miaka 13 tumemaliza Leviathan na Behemoth za Scott Westerfeld, zile riwaya za stimpanki (hadithi za kubuni zenye mashine za ajabu za zama za mvuke) ambamo Waingereza wanapigana Vita Kuu ya Kwanza kwa wanyama wa kuundwa, hadi meli ya angani iliyo nyangumi hai, na Wajerumani wana mashine za chuma zinazotembea kwa miguu. Imebaki Goliath ya 2011, ndiyo ya mwisho.

Kijana anapekua kila jina. Alipogundua kwamba Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria aliyeuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, aliacha watoto watatu na Alek, yule mwanawe wa riwayani, hayumo, alinuna, hakutaka hata kukiona kitabu. Sasa kasikia Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme, yumo, anataka kusoma maisha yake yote kwanza. Naogopa atajiharibia mwisho. Nimzuie?

Bundi Msomaji: Usimzuie mkuu. Mwanzie Tunguska. Asubuhi ya 30 Juni 1908 kitu kililipuka angani kule Siberia, msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000 ukalazwa chini, na msafara wa kwanza wa wanasayansi ulifika 1927. Miaka yote hiyo bila maelezo! Mwandishi kapenya hapo hapo. Akikutana na ile miti iliyolala huku anajua ilikuwepo kweli, hatalala usiku huo.

Fundi Saa: Tunguska sawa, Tesla hapana. Mnara wake wa Wardenclyffe, wa kurusha mawasiliano na umeme bila waya, kule Long Island, New York, ulianza kujengwa 1901, fedha zikakata, ukabomolewa 1917. Akishajua hayo ataanza kukisia. Utamu wa kitabu hiki ni kutojua kama Tesla ana silaha ya kumaliza vita au anajidanganya mwenyewe. Mwache abishane na wewe kila sura.

Binti wa Mawingu: Jamani, mnamsahau Deryn, yule msichana wa kwenye meli ya angani! Tangu kitabu cha kwanza amevaa sare za kiume, anaitwa Dylan, na Behemoth inaisha Alek bado hajashtuka. Mimi nilisoma Goliath kwa ajili ya hilo tu. Hakuna kitabu cha historia kitakachomwambia Alek atajua lini, wala atalipokeaje. Cha kuogopa ni michoro ya Keith Thompson, maana imetapakaa kitabu kizima na ukifunua kurasa za mbele inasema mengi. Na ule ufafanuzi wa mwandishi mwishoni, wa kipi kweli na kipi kabuni, asiuguse hadi mmalize. Baada ya hapo apekue atakavyo.

Mlezi wa Vitabu: Asanteni sana. Tunguska nampa leo, Tesla asubiri. Na dada, umegusa penyewe: kila tukifunga kitabu swali lake ni hilo hilo la Deryn. Tunaanza kesho, na nakala nakaa nayo mimi.