Mjadala: Ninefox Gambit kwa Kiswahili, maneno yetu au ya kukopa?

Hoja: Riwaya ya vita ya Yoon Ha Lee (2016) ikitafsiriwa, silaha zake zipewe majina ya Kiswahili au zikopwe zilivyo?

UYOLE: Yawe yetu. Utamu wote uko hapa: silaha za ajabu zinafanya kazi pale tu watu wanaposhika kalenda moja, sikukuu zile zile, mateso ya ibada kwa siku zake. Eneo likishika kalenda nyingine, silaha hizo za dola zinazima. Ukiandika "vita vya kalenda", msomaji anaona karatasi iliyotundikwa duka la pembejeo. Tunalo "takwimu". Leo ni hesabu za sensa, ila kamusi za zamani zinalitaja pia kwa maana ya kalenda. Na kapteni Cheris anapigana kwa hesabu! Neno moja linabeba yote mawili.

MAFINGA: Mkuu, hapo nakupinga. Maana hiyo imeshatoka midomoni mwa watu. Itadai maelezo chini ya ukurasa, na riwaya hii ukiieleza mapema umeiua. Mwandishi anakutupa vitani tangu mwanzo bila kukushika mkono, na raha ndiyo hiyo.

KYELA: Kwenye takwimu niko na Mafinga. Lakini kuna silaha inayoua kupitia milango na kila uwazi, na jina lake la Kiingereza limetokana na kupepeta nafaka. Kulikopa ni kulipoteza. Andikeni "Ungo wa Vizingiti". Mlaji wa mchele anaujua ungo: unarusha, upepo unachukua pumba, punje zinarudi. Hapa hairudi hata punje moja, na msomaji ataliona hilo mwenyewe. "Mashine ya kupepetea" hapana, inaleta kelele za kinu.

UYOLE: Ungo nimeupokea. Na ule mpangilio wa askari unaozaa kinga?

MAFINGA: Chochote isipokuwa "gwaride". Gwaride ni uwanja wa JKT, buti zimepigwa kiwi, mgeni rasmi jukwaani. Kule askari wanakufa, na nafasi zikivurugika kinga inakatika. "Safu" nayo ni mstari tu. "Umbo" linatosha, pembetatu ni umbo tangu shule ya msingi.

UYOLE: Basi "takwimu" aachiwe Jedao peke yake. Ni jenerali wa karne 4 zilizopita, mzimu wake ndio unaozungumza na Cheris, ana haki ya neno la kale. Wengine waseme kalenda.

MAFINGA: Sawa, mradi Cheris asimuulize maana yake.