Naomba ushauri: ahadi ya bonasi ina nguvu ya mkataba?

Habari zenu wadau. Meneja wetu alituambia kikaoni kwamba tukikamilisha mradi kabla ya mwisho wa mwaka, kila mmoja atapata bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja. Akairudia ahadi hiyo kwa baruapepe. Tumekamilisha, tena kwa kufanya kazi hadi wikiendi, na mwenzetu mmoja aliacha nafasi nzuri kwingine akiisubiri. Leo uongozi unasema bonasi ni hiari ya kampuni, na kazi ile ilikuwa wajibu wetu tayari.

Hoja ya wajibu ndiyo inayoniumiza kichwa. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1809, Stilk v Myrick, mabaharia waliahidiwa nyongeza baada ya wenzao wawili kutoroka, wakaikosa kwa sababu walitimiza kazi waliyokwisha kuikubali. Lakini wikiendi hazimo kwenye mikataba yetu! Je, hicho si kitu kipya tulichotoa kwa ajili ya ahadi? Na neno "hiari" kwenye kanuni za kampuni linafuta ahadi yenye kiwango na sharti la wazi?

Baruapepe ninazo. Nianze na barua ya madai, au niende moja kwa moja kwa afisa kazi?