Mchanganyiko mara mbili kwa siku, au kutenganisha? Sukari yangu inapanda na kuanguka

Mama_wa_Kadutu
Nawasalimu wote. Nauza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kadutu hapa Bukavu, na huu ni mwaka wa nne niko kwenye insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70: chupa moja, sehemu 30 ni ya kawaida, 70 ni NPH, ile ya polepole. Uniti 22 asubuhi, 14 jioni. Munganga, daktari wangu, kaniambia nifikirie: nibaki hapo, au tutenganishe chupa mbili, au niende kwa ile ya saa 24 pamoja na ya haraka ya chakula.

Shida yangu ni hii. Nikiamka napima sukari ya damu, nakuta 230, 250 (mg/dL), iko juu. Ikifika saa tano, napanda mlima na beseni kichwani, mikono inaanza kutetemeka, jasho baridi. Napima: 54. Juzi, kama jirani hangenipa mkate, ningeanguka barabarani. Uniti ni zilezile kila siku. Mliojaribu njia nyingine, nisaidieni kulinganisha.

Baba_Bagira
Pole sana, mama. Mimi nilitoka kwenye mchanganyiko miaka miwili iliyopita. Sasa nina ya maji safi, ile ya kawaida, na NPH iliyo nyeupe kama maziwa, kila moja na chupa yake. Navuta ya maji safi kwanza, kisha ya maziwa, sindano moja. Mchanganyiko ulinishinda kwa sababu chakula cha mchana kinakuwa kimeshapigiwa sindano tangu asubuhi: ule usile, insulini inakuja. Siku hizi NPH ya asubuhi ni kidogo, na bugali ikichelewa, nachelewesha na ya kawaida.

Halafu NPH ya jioni munganga aliitoa kwenye chakula cha saa moja akaipeleka saa nne, ninapolala. Sukari ya asubuhi ilishuka bila kuongeza hata uniti moja.

Mtu_wa_Ibanda
Samahani, hapo sielewi. Uniti 36 ni uniti 36. Uzigawe mara mbili au mara nne, si insulini ileile?

Muuguzi_Nguba
Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Bukavu. Mvua ikinyesha taratibu usiku kucha, maharagi yanakunywa. Maji yaleyale yakimwagika kwa saa moja, mlima unashuka na nyumba.

Kongosho la mtu mzima wa afya halilali. Linatoa insulini kwa mapigo madogo, kila dakika 5 hivi, na ukianza kula linaongeza kwa wingi. Karibu nusu ya insulini ya siku ni ya msingi, inayobaki ni ya chakula. Tena inapita kwanza kwenye ini, ghala la sukari. Ya sindano inakaa chini ya ngozi ikingoja kufyonzwa. Kwa hiyo mama anachochagua ni saa ambazo mawimbi yatapanda.

Ya kawaida inaanza baada ya nusu saa, kilele saa 2 hadi 4, inaisha kwenye saa 6 hadi 8. NPH ina kilele kati ya saa 4 na 10. Mama, ukipiga saa moja asubuhi, saa tano wimbi la kwanza bado lina nguvu na la pili limeshaanza kuinuka, na wewe uko mlimani, misuli inakula sukari. Ndiyo hiyo 54. Tafadhali beba sukari mfukoni: vijiko 3 vidogo kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena.

Usiongeze ya jioni kwa ajili ya ile 250 kabla ya kupima saa tisa usiku. Na niambie, chupa yako unaichanganyaje kabla ya kuvuta?

Dada_Mkivu
Mwanangu ana miaka 13, kisukari aina ya 1. Anapiga glargine, ile ya saa 24, usiku na ya haraka kila akila, sindano 4 kwa siku. Glargine karibu haina kilele, inatembea tambarare, na mimi nimeanza kulala. Lakini ni ghali kuliko chupa za zamani, na bila vipande vya kupimia unapiga ya chakula ukiwa gizani.

Muwe waangalifu: zote mbili ni maji safi. Usiku mmoja umeme ulikatika, kwa mwanga wa simu nikampiga ya haraka uniti 16 mahali pa glargine. Tulipanda piki hadi kituo cha afya, tukakesha tukimpima. Leo chupa ya haraka ina raba nyekundu shingoni. Na glargine msiivute na nyingine kwenye sindano moja.

Kijana_wa_Panzi
Na pampu ya insulini?

Muuguzi_Nguba
Inadondosha ya haraka kidogo kidogo mchana na usiku, inakaribia kongosho kuliko sindano. Ila ikiziba, mwilini hakuna akiba. Saa chache tu na ketoni, asidi za hatari mwili unapokosa insulini, zinapanda. Kama huna uhakika wa vifaa vya kubadilisha kila siku 2 au 3, mimi siishauri.

Mama_wa_Kadutu
Muuguzi, nilikuwa navuta tu. Jana nimeinua chupa dirishani: juu maji, chini unga mweupe umetulia kama wanga wa muhogo kwenye beseni. Hakuna aliyewahi kunionyesha. Saa tisa usiku nimepima 84. Saa kumi na mbili, 219.

Muuguzi_Nguba
Asante kwa kuamka. Wimbi la jioni linakushusha katikati ya usiku, linaisha kabla ya jua, saa ambayo homoni za alfajiri zinaliambia ini litoe sukari. Ukiongeza jioni, utaanguka saa tisa. Bingirisha chupa viganjani mara 10, ipindue mara 10, usiitikise kwa nguvu. Wiki hii pima zaidi, maana dozi zako zitabadilika nguvu. Mpelekee munganga daftari, muulize juu ya NPH ya kulala kama ya Baba_Bagira.

Baba_Bagira
Mama, angalia na sindano. Chupa ya 100, yaani uniti 100 kwa mililita, inataka sindano ya 100. Ukiivuta kwa sindano ya 40, 22 zako zinakuwa 55.

Mama_wa_Kadutu
Nimeangalia, ni ya 100. Munganga ni Alhamisi. Leo naacha beseni, nampa kijana anipandishie.